Maji ya Kukhu Yalipovimba

Wiki iliyopita mjukuu wangu alisahau chupa ya maji kwenye friza. Chupa ya kioo, na alikuwa ameijaza mpaka mdomoni, hata tone moja halikubakishiwa nafasi. Asubuhi nikasikia "Woi!" kutoka jikoni. Nilipofika, vipande vya chupa vimelala katikati ya nyama na maharagwe, na barafu imesimama peke yake, uchi, ikiwa na umbo la chupa. Nikafungua kinywa nimpe zake, maana mdomo ninao, nyumba nzima inaujua. Badala yake nikavuta kiti nikakaa. Mtoto akadhani presha imenipanda. "Shosho, uko sawa?" akauliza. Ananiita Shosho kama watoto wote wa Nairobi, ingawa mimi ni Mbukusu na nimemwambia mara mia aniite Kukhu. Nikamwambia niko sawa, aniachie tu nitazame kidogo.

Nilikuwa nimeiona barafu ya namna ile mara moja tu, nikiwa na miaka minane, na siku ile nilijua kwa hakika kwamba nimemuua mtoto.

Wenzangu mliokulia nyuma ya nyumba za watu hamhitaji kuelezwa sana. Baba alikuwa mpishi wa Wazungu huko Muthangari, siku zile barabara zikiwa za vumbi jekundu na miti ikiwa mingi kuliko watu. Mbele kulikuwa na nyumba kubwa yenye vigae, halafu bustani ya maua, halafu kamba za kuanika nguo, halafu miti ya mikaratusi, na nyuma kabisa kota yetu: chumba kimoja cha mawe, dirisha moja dogo, na bomba la maji nje. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba zile walikuwa wamechukuliwa na malori, na vyumba vyao vikajaa watu wapya kama sisi kutoka magharibi, na Wakamba kutoka upande wa pili. Watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini, na sisi watoto tulifundishwa kutouliza.

Mimi sikuzaliwa hapo. Nilizaliwa nyumbani, upande wa Bungoma, na nililelewa na mama yake Baba, Kukhu wangu. Mama ndiye aliyemfuata Baba Nairobi. Akazaa huko mara mbili, na mara mbili mtoto hakumaliza wiki. Barua zilikuja, Kukhu akasomewa, akakaa siku nzima akichambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Alipopata habari kwamba Mama ana mimba tena, akasimama akasema imetosha. Watoto wale walikufa, alisema, kwa sababu maji ya kwanza yaliyowagusa yalikuwa maji ya bomba, maji yasiyomjua mtu. Huyu wa tatu ataguswa kwanza na maji ya chemchemi ya kwetu, matone matatu, na maji yenyewe yasiguse moto. Sijui kama hiyo ni desturi ya Wabukusu wote au ni ya Kukhu peke yake. Sijawahi kumsikia mtu mwingine akiifanya, na nimewauliza wengi.

Basi akachota mwenyewe, alfajiri, kabla ng'ombe hawajatia miguu. Chupa iliyopatikana ilikuwa ya pombe kali ya Wazungu, ile bapa ya kutia mfukoni, yenye kifuniko cha kuzungusha. Akaijaza hadi ikafurika, akafunga akiwa ameizamisha majini ili hewa isiingie hata chembe. Halafu akaniita mimi. "Nasimiyu," akasema, "wewe ndiye mwenye maji. Shangazi yako ana mizigo mingi na mdomo mwingi. Maji haya yakipotea, tumepoteza mtoto." Akaniwekea chupa mikononi. Hivyo ndivyo watu wa zamani walivyowapa watoto kazi, bila kupima mabega.

Shangazi Rasoa, dada yake Baba, ndiye aliyenileta kwa gari la moshi. Alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, pombe hata harufu yake ilimpa homa, na ile chupa ilimwaibisha safari nzima. Aliikwangua karatasi yake kwa ukucha mpaka ikabaki nukta nukta, lakini umbo la chupa huwezi kulikwangua. Tuliposhuka Nairobi, hapo stesheni, askari mmoja akaniona nimeikumbatia. Siku zile Mwafrika kushikwa na pombe ya Wazungu ilikuwa kesi.

"Hii ni nini?"

"Maji," Shangazi akasema.

"Maji! Mama mzima, unafundisha mtoto kubeba hii kitu? Fungua."

Shangazi akafungua, akampelekea puani. Askari akanusa, akanusa tena, uso ukimshuka. "Lete nionje."

"Kunusa, nusa mpaka uchoke," Shangazi akamwambia. "Lakini ukionja umekunywa maji ya kuogeshea mtoto wa watu, na mimi sitanyamaza hapa. Nitapiga nduru mpaka hiyo saa ya stesheni isimame."

Askari akaangalia watu waliokuwa wameanza kutukusanyikia, akasema twende, twende. Baba, aliyekuja kutupokea, alicheka mpaka tukafika Ngong Road. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia kama tone lolote limemwagika.

Mama alikuwa mkubwa sana alipotupokea mlangoni, akanishika uso kwa mikono miwili na kuniangalia kana kwamba ananihesabu meno. Alikuwa amenenepa tumbo akakonda kila mahali pengine. Nyumbani alikuwa hajarudi tangu alipoondoka. Makaburi ya wale wawili yalikuwa upande mwingine wa mji, na alikuwa haendi. Nilimwonyesha chupa, akaitia chini ya kitanda ikiwa imefungwa kwa leso, akasema, "Sasa hata usingizi utanijia."

Lakini mtoto alikataa kuja. Mama Mwende, yaya wa Kikamba wa nyumba ya jirani, ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wa kota zile, na alisema ni wiki hii. Wiki ikapita. Akasema basi hii nyingine. Julai ikaingia na baridi yake, ile ya Nairobi ambayo jua linaonyesha uso kidogo halafu linajificha siku nne. Jioni moja Shangazi akaitoa chupa, akaiinua dirishani, akakunja uso. "Huyu mtoto akichelewa hivi," akasema, "haya maji yataharibika. Maji yakifungiwa sana yanaoza kama kitu kingine chochote."

Alisema tu, kama watu wanavyosema mambo, akageukia ugali wake. Mimi niliganda hapo nilipokuwa. Kuoza! Mimi ndiye mwenye maji!

Sasa, kulikuwa na kitu kimoja nilichokijua kuhusu kuoza. Jikoni kwa memsahib, yule bibi wa Kizungu wa nyumba kubwa, kulikuwa na friji, sanduku jeupe refu lililonguruma kama paka aliyeshiba, na Baba alikuwa akilisifu mbele ya wageni wake. "Kitu ikiingia huko haiozi," alikuwa akisema. "Nyama inakaa, samaki inakaa, maziwa inakaa. Na pale juu, kwa kile kichumba cha barafu, huko ndio kabisa. Hata ikikaa mwaka." Siku moja aliniletea kipande cha barafu kwenye kijiko, nikakishika, kikaniuma vidole, nikalia na kucheka. Nilidhani barafu ni aina ya kioo kinachozaliwa ndani ya lile sanduku, na kwamba Wazungu wanalijua jina lake la siri.

Nilikatazwa kuingia jikoni kwa watu. Lakini siku iliyofuata memsahib alikuwa amesafiri kwenda Naivasha kwa dada yake, na Baba alitoka saa kumi kwenda buchari. Nikaichukua chupa chini ya kitanda Mama akiwa amelala ubavu, nikapita chini ya kamba za nguo, nikafungua mlango wa nyuma. Nikapanda juu ya kreti. Kile kichumba cha barafu kilikuwa kidogo, lakini chupa bapa ililala humo kama iliyokatiwa kipimo. Nikaisukuma hadi nyuma, nikafunga. Nakumbuka furaha niliyoisikia nikirudi. Nilikuwa nimeokoa maji, na sikumwambia mtu kwa sababu nilitaka siku ya mtoto kuzaliwa niyatoe mbele ya wote, yakiwa mabichi, wote washangae.

Asubuhi nilimfuata Baba hadi mlango wa jikoni kwa visingizio vya kuni. Akawasha jiko, akafungua friji, akafungua kile kichumba, akasimama. Halafu akauingiza mkono polepole, akatoa kitu akakiweka juu ya meza.

Chupa ilikuwa imepasuka kuanzia shingoni mpaka chini. Vipande vikubwa vilikuwa bado vimeshikilia, na katikati ya mpasuko barafu imejitokeza nje, nyeupe, imevimba.

"Nani ameweka hii chupa hapa?"

Nikainamia kuni.

"Nasimiyu."

"Ni mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Ili isioze."

Angenipiga ningepata nafuu. Hakunipiga. Aliniangalia mimi, akaangalia meza. Nilikuwa nimeshalielewa jambo lote kwa akili yangu ya miaka minane. Nilimjua Kukhu. Kukhu akikasirika alikuwa hasemi, alikuwa anavimba, mashavu, shingo, mpaka unaona nguo inambana. Na haya yalikuwa maji yake. Yalisafiri usiku kucha kwa gari la moshi kuja kumwona mtoto, nami nikayafungia gizani pamoja na nyama ya Mzungu. Yalikasirika, yakavimba, yakavunja chupa yatoke.

"Yamekasirika, Baba," nikasema, na kilio kikanitoka chote. "Yamevimba yakapasua chupa. Sasa mtoto atakufa kama wale wengine. Mimi ndiye nimemuua."

Baba akavuta ile kreti akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kwenye mikono yake kulikuwa na makovu ya mafuta ya moto, na nilizoea kuyahesabu. "Sikia," akasema. "Hakuna mtu amekufa. Na hii kitu haina hasira. Unajua mimi nilipofika Nairobi, kwa yule bwana wa kwanza, niliweka chupa ya maziwa huko juu? Ikapasuka. Nikafikiri nimerogwa. Nikaomba Mungu siku mbili, sikula."

"Halafu?"

"Halafu nikapasua ingine." Akacheka kidogo kwa pua. "Ndio nikaanza kuangalia. Kuja uone."

Akatoa trei ya barafu, ile ya bati yenye vyumba vyumba. Ubavuni alikuwa ameikwaruza alama kwa kisu. "Jana nilijaza maji mpaka hapa, kwa alama. Hapa, si juu. Leo angalia iko wapi." Nikaangalia. Barafu ilikuwa imepanda juu ya alama, na katikati ya kila chumba ilikuwa na kilima kidogo. "Mimi sijui kwa nini," akasema. "Vitu vingine vyote vikipata baridi vinajikunyata. Hata mimi. Lakini maji, ikiganda, inataka nafasi. Kila siku, maji ya mtu yeyote. Hii ni ya bomba, haijui Kukhu wala haijui wewe, na imepanda. Kosa ni chupa kujazwa mpaka juu. Hiyo tu."

Hiyo tu! Sijui kama mnaelewa alichoniondolea mabegani kwa maneno mawili yale. Baba hakuwa amekaa darasani zaidi ya miaka mitatu, lakini alijua kulitazama jambo mpaka likamwambia ukweli wake. Miaka mingi baadaye, nikisomea uuguzi, mwalimu wetu alituchorea ubaoni lile ambalo Baba hakulijua. Alisema maji ni vijichembe vidogo mno visivyoonekana, na yakiwa maji ya kawaida vijichembe hivyo vinasukumana na kupenyezana, kama watoto waliozunguka sahani moja, kila upenyo una mtu. Baridi ikizidi, vinatulia, na kila kimoja kinamshika mwenzake kwa mkono ulionyooshwa. Sasa fikirieni watoto wale wale wakiacha sahani na kushikana mikono wacheze mduara. Ni watoto wale wale, hakuna aliyeongezeka, lakini katikati pamebaki uwazi, na uwanja unaohitajika ni mkubwa zaidi. Maji ya vikombe kumi yakiganda yanataka nafasi ya karibu kumi na kimoja. Ndiyo maana barafu inaelea, na ndiyo maana inapasua chupa, hata mabomba ya chuma katika nchi za theluji. Wenzangu walinakili. Mimi niliinamia daftari langu nikiwa na machozi, na msichana wa kando yangu akaniuliza kama nimefiwa.

Lakini nirudi pale mezani. "Maji yako bado iko yote," Baba akasema. "Hakuna hata tone imemwagika, si unaona? Imeganda." Akaanza kuchambua vipande vya chupa kimoja kimoja, kama anavyotoa miiba ya samaki. Vilivyokataa alivipasha kwa kiganja mpaka vikaachia. Kile kipande cha barafu kikabaki mezani peke yake. Akakipeleka chini ya bomba akisuuze.

"Usioshe, Baba! Utachanganya na yale yasiyomjua mtu."

Mkono wake ukasimama kwenye bomba. Mtu mwingine angenicheka. Yeye alinitazama, akafunga bomba, akachukua kitambaa safi cha kukaushia vyombo, akakipangusa kipande kile pande zote, akakitazama kwa mwanga wa dirisha, akapangusa tena. Kisha akakiweka kwenye sufuria ndogo na kuifunika.

Hapo ndipo tulipomsikia Shangazi akiita kutoka kota. "Ndugu yangu! Ita Mama Mwende! Siku imefika!"

Baba akatoka mbio kwenda kwa jirani. Alipokuwa mlangoni aligeuka. "Kaa na hiyo sufuria. Isiguse moto. Ikiyeyuka, niite."

Mkitaka kujua saa inavyoweza kuwa ndefu, ngojeni barafu iyeyuke. Nilikaa kwenye ngazi ya kota na sufuria magotini. Jua hakuna. Wingu lilikuwa limeketi juu ya mikaratusi, na pumzi yangu niliiona. Nyuma yangu mlangoni nilimsikia Mama, mara ananguruma, mara ananyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi. Nilifungua kifuniko. Kipande kilikuwa pale pale, kizima, kimelowa kidogo tu. Jiko la moto lilikuwa hatua kumi kutoka hapo na nililitamani vibaya. Nikaiingiza sufuria ndani ya sweta yangu, kwenye ngozi ya tumbo, nikaikumbatia. Baridi ikanichoma mpaka nikauma mdomo. Nikaihesabia mia, nikapumzika, nikaihesabia mia nyingine. Nilipochoka nilikiinamia kile kipande na kukipumulia, haa, haa, kama mtu anayefuta kioo. Kilikuwa kimeanza kuelea, maji kidogo chini yake, na kila kilipogonga ukuta wa sufuria nilikiambia fanya haraka, tafadhali, fanya haraka.

Halafu Mama akapiga kelele moja ndefu, na baada yake sikusikia kitu.

Nimekuwa mkunga miaka thelathini. Ukimya ule ninaujua sasa kwa jina lake, na bado unanipandisha nywele. Mtoto alikuwa amezaliwa na hakulia. Nilisikia Mama Mwende akimpiga nyayo, pa, pa, akisema kwa sauti ya kubembeleza, "Kuja, kuja, mwana wakwa, kuja." Nilisikia Shangazi akiomba na kulia kwa wakati mmoja. Kisha, "Maji! Maji ya Kukhu yako wapi? Yale ya chini ya kitanda hayapo! Nasimiyu!"

Baba alikuwa ameshasimama mbele yangu. Akaichukua sufuria. Ilikuwa na maji ya kujaza kikombe labda, na kile kipande katikati kimebaki cha ukubwa wa yai. Akafunika bakuli kwa kitambaa akayachuja. Akakunja kitambaa akachuja tena. Nikadhani ataingia. Hakuingia. Alichota maji kwa kiganja, akainua uso juu, akafungua macho yote mawili kwa vidole, akayamwagia ndani. Akapepesa. Akachota tena akafanya vile vile, akipapasa kope zake kwa ncha ya kidole. Sikuelewa hata kidogo. Nilidhani anaomba kwa namna fulani ya wapishi. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu siku nilipokuwa nikiosha glasi iliyovunjika na ghafla nikaelewa alikuwa anatafuta chembe gani ndani ya macho yake, kabla maji yale hayajaenda karibu na macho ya mtoto wake.

"Iko safi," akasema, na kumpa Shangazi bakuli mlangoni.

Nilichungulia chini ya mkono wake. Mdogo wangu alikuwa amelala juu ya leso, wa rangi ya kijivu, mdogo kama mkate, mikono imelegea. Shangazi akachovya vidole, akashtuka, lakini hapakuwa na muda wa kuuliza. Tone moja kwenye paji la uso. Moja kifuani. La tatu likaanguka mdomoni.

Mtoto akakunja uso wote. Akakunja miguu. Akafungua mdomo ambao sikujua unaweza kuwa mkubwa hivyo, na akalia kwa hasira ya mtu aliyemwagiwa maji ya barafu katika baridi ya Julai, maana ndivyo alivyofanyiwa. Alilia mpaka akageuka mwekundu. Mama Mwende akakaa chini sakafuni pale pale akisema, "Yii! Yii! Sikieni huyu!" Leo ukiniuliza kama mkunga, nitakuambia labda angelia tu, zile nyayo zilizopigwa zilikuwa zimeshafanya kazi. Nitakuambia pia mtoto mchanga hamwagiwi maji baridi, hufunikwa akapata joto, na ukijaribu mbele yangu nitakufukuza wodini. Lakini hukuniuliza kama mkunga.

Mama alikuwa amelala na macho yamefumba. Akanyoosha mkono. "Rasoa, niletee niguse."

Shangazi akampelekea bakuli. Mama akatia vidole, akaviacha humo. Nilimwona akifungua macho.

"Ni baridi," akasema. Halafu akasema tena kwa Kibukusu, taratibu, na sauti yake ikawa ya msichana. "Ni baridi vile vile. Kama pale chemchemini kwetu asubuhi, kabla ng'ombe hawajafika." Akajipaka usoni, akajipaka shingoni. Miaka yote ile ya Nairobi, makaburi mawili, barua, vumbi, na sasa Mama alikuwa anacheka huku machozi yanamwingia masikioni. "Nilidhani yatakuwa yamepata joto huko kwenye gari. Nilidhani yatakuwa yamelala kama maji ya mtungi. Nani ameyatunza hivi?"

Shangazi akamtazama Baba. Baba alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu kama pilipili. "Ni Nasimiyu," akasema. "Ni yeye alikaa nayo."

"Nasimiyu," Mama akaniita. "Uko wapi? Asante, mama. Umeyatunza vizuri. Una mikono mizuri, wewe."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo nimwambie juu ya friji na kreti na chupa iliyopasuka, na hakuna kilichotoka isipokuwa kilio, kilio cha kwikwi, cha kukosa pumzi. Nikakaa chini kizingitini. Ndani mdogo wangu naye hakuwa amenyamaza, tukalia wawili, yeye huko na mimi huku, kila mmoja akimzidi mwenzake, mpaka Mama akajiinua kwa kiwiko na kumwuliza Baba ni nani aliyewapiga watoto wake.